Masikio Mawili Yanatosha

Kwenye sanduku la hedifoni za gemu kuna maandishi ambayo aghalabu huwa makubwa kushinda hata jina la kampuni: 7.1. Muuzaji naye hakawii kuyasemea. "Kaka, na hii unamsikia adui akinyatia nyuma yako kabla hajakuona." Ukiiweka kando yake hedifoni ya muziki ya bei ileile, isiyo na taa wala tarakimu, kijana aliyekuja kununua kwa ajili ya gemu ataiona ya kizee.

Ajabu ni kwamba ukizifungua zote mbili, mara nyingi utakuta kitu kilekile: spika moja kushoto na spika moja kulia. Zile spika saba za kukuzunguka pamoja na moja ya besi, ambazo ndizo maana ya 7.1, hazimo. Zipo hedifoni chache zilizowahi kutengenezwa na spika ndogo kadhaa katika kila upande, lakini hazikutawala soko. Sasa 7.1 iko wapi? Jibu lilianza kutafutwa hata kabla ya redio kuvumbuliwa.

Katika miaka ya 1870, mwanafizikia Mwingereza John William Strutt, anayejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Rayleigh, alisimama nje mahali pa wazi, macho kayafumba, wasaidizi wake wamemzunguka. Mmoja wao akitamka neno tu, alijua yuko upande gani. Kisha wakaacha kuongea, wakatumia kile chuma cha ncha mbili kinachotoa noti moja tupu kikigongwa. Hapo mambo yakaharibika. Wa kushoto na wa kulia aliwatambua vizuri, ila wa mbele na wa nyuma akawachanganya. Jambo hilo la mbele na nyuma liweke akilini, maana ndilo linalouzwa kwenye yale maboksi.

Mwaka 1907, akiwa tayari ameshapata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine kabisa, Rayleigh alichapisha maelezo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ikitoka kushoto kwako, inafika sikio la kushoto kwanza, na la kulia linaipata baadaye kidogo kwa sababu kichwa kimekaa katikati. Tofauti hiyo, hata ikiwa kubwa kabisa, ni kama milisekunde 0.6 au 0.7 tu. Ubongo unaiona. Kwa kweli unaona hata tofauti ya takriban sehemu 10 za milioni za sekunde, ndiyo maana mtu anayesikiliza kwa makini hutambua sauti ya mbele yake ikihama nyuzi moja tu. Njia ya pili ni kivuli: kichwa huzizuia sauti nyembamba, kwa hiyo sikio la mbali linazipata zikiwa dhaifu. Sauti nzito zina mawimbi marefu yanayokizunguka kichwa bila shida, na hizo ubongo huzipima kwa muda.

Muda na kivuli vinakupa kushoto na kulia. Havikupi mbele na nyuma. Sauti iliyo mbele ya pua yako na iliyo kisogoni mwako hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Kinachozitenganisha ni kile kipande cha sikio tunachokiona kwenye kioo, na mikunjo yake inayoonekana kana kwamba haina kazi. Sauti inapogonga mikunjo hiyo, sehemu yake hurudi na kukutana na ile iliyoingia moja kwa moja. Baadhi ya noti huongezeka nguvu, nyingine hufutana. Noti zipi zimeongezeka na zipi zimefutwa hutegemea sauti imetoka mbele, nyuma, juu au chini. Neno la mtu lina noti nyingi ndani yake, kwa hiyo sikio linapata kitu cha kuchonga. Noti moja tupu haina cha kuchongwa, na ndiyo maana Rayleigh alipotea.

Jaribio lililonishangaza zaidi katika habari hizi zote lilifanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1998. Paul Hofman na wenzake waliwatia watu wanne vipande laini vya plastiki katika mabonde ya masikio, vya kubadili umbo lake bila kuziba tundu. Mara moja watu hao wakapoteza uwezo wa kujua sauti iko juu au chini. Kushoto na kulia walibaki sawa. Wakaachwa waishi navyo, kazini na nyumbani, na wiki chache baadaye uwezo ulikuwa umerudi: ubongo ulikuwa umejifunza sikio jipya. Vipande vilipotolewa, ungetegemea kuona mkanganyiko mwingine. Haukutokea. Ubongo ulikuwa umeweka masikio yote mawili, la zamani na jipya, kama mtu anavyoongea Kiswahili sokoni na kilugha chake nyumbani.

Sasa turudi kwenye sanduku. Kama ubongo unajua upande wa sauti kutokana na yale mabadiliko ya muda, nguvu na mchongo yanayofika kwenye masikio mawili, basi spika mbili zinatosha kabisa, mradi kompyuta iyafanye mabadiliko hayo kabla ya kuzipelekea sauti. Hiyo ni hesabu, na programu inaifanya. Ili ipatikane, watafiti huweka maikrofoni ndani ya masikio, ya mtu au ya sanamu, na kupiga sauti kutoka kila upande. Mwaka 1994, Bill Gardner na Keith Martin wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa bure vipimo walivyochukua kwa sanamu ya kichwa iitwayo KEMAR, na vimetumiwa sana tangu hapo. Gemu kama Counter-Strike 2 hufanya hesabu ya aina hiyo lenyewe. Windows nayo ina Windows Sonic, tena bila malipo. Kwa hiyo 7.1 unayolipia dukani ni programu, na mwenzake huenda tayari yumo kwenye kompyuta yako.

Hapo kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakwambia. La kwanza, vipimo hivyo si vya masikio yako. Kama mikunjo yako haifanani sana na ya sanamu, adui wa nyuma unaweza kumsikia mbele, na wala si kosa la hedifoni. Kwa kuwa jaribio la Uholanzi linaonyesha ubongo hujifunza, mimi ningeshauri uchague mpangilio mmoja na ukae nao wiki kadhaa, badala ya kuubadilisha kila unapouawa. La pili, usiwashe vitu viwili pamoja. Kama gemu limeshaichonga sauti, halafu Windows inaichonga tena, na programu ya hedifoni nayo inaongeza ya kwake, kinachofika sikioni ni vurugu. Washa cha ndani ya gemu, zima vingine. Ukienda kusikiliza muziki zima vyote, maana wimbo umeshapangwa studio nani akae kushoto na nani kulia.

Kwenye muziki swali linageuka. Hutafuti adui, unatafuta hedifoni isiyomsingizia mwimbaji. Watu wengi hudhani hedifoni bora ni ile inayotoa noti zote kwa nguvu sawasawa. Sivyo. Tundu la sikio ni mrija wa kama sentimita 2.5, umezibwa na ngoma ya sikio upande mmoja, na mrija wa namna hiyo hukuza wenyewe sauti za karibu na hezi 3,000. Umezaliwa na ukuzaji huo. Ubongo unauhesabu kuwa jambo la kawaida. Hedifoni ikikaa juu ya sikio inauvuruga, kwa hiyo mtengenezaji lazima aurudishe kwa makusudi. Asipourudisha, sauti za watu zinasikika kama wanaimba nyuma ya pazia.

Kiasi gani cha kurudisha? Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, Marekani, waliwasikilizisha watu wa nchi na rika mbalimbali bila kuwaonyesha jina wala bei ya hedifoni. Walio wengi, karibu theluthi mbili, walipenda sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, yenye besi iliyoongezwa kwa kiasi. Waliobaki walitaka besi zaidi, au pungufu. Mwaka 2017, mtafiti Jeroen Breebaart naye akalinganisha vipimo vya hedifoni 283 na bei zake. Hakupata uhusiano kati ya bei na namna hedifoni inavyogawa nguvu kati ya sauti nzito na nyembamba. Hiyo haimaanishi ghali na rahisi ni mamoja. Fedha hununua sponji nzuri, waya usiokatika, maiki safi, dhamana. Ila usitarajie kwamba mara mbili ya bei ni mara mbili ya muziki.

Besi ndiyo mtego mkubwa, maana dukani inavutia kuliko kitu chochote. Mwaka 1924 watafiti wa Marekani, Wegel na Lane, walionyesha kwamba sauti nzito yenye nguvu huzifunika sauti nyembamba kuliko nyembamba zinavyoifunika nzito. Besi ikizidi, mlio wa bomu unazimeza nyayo, na gitaa la besi linammeza mwimbaji. Kipimo changu ni rumba ya Kongo. Tafuta wimbo wenye sebene, lenye gitaa la rithimu, la mi-solo na la solo kwa pamoja. Hedifoni nzuri inakuruhusu kulifuata gitaa moja tangu mwanzo hadi mwisho huku mengine yakiendelea. Mbaya inayakoroga yote matatu kuwa uji. Hedifoni inayopita mtihani huo kwa kawaida itakuonyesha na nyayo, kwa sababu kazi ni ileile. Angalizo: zilipendwa nyingi zilirekodiwa kwa chaneli moja, hivyo sauti yote ikisimama katikati ya kichwa usiirudishe hedifoni dukani. Tena hicho ni kipimo kizuri. Wimbo wa chaneli moja ukielemea upande mmoja, spika hazilingani nguvu, iache.

Kuhusu Bluetooth, kwa gemu nasema hapana. Kwa mfumo wake wa kawaida sauti huweza kuchelewa milisekunde 150 hadi 250. Ukiangalia filamu, kompyuta huichelewesha picha ili ziende pamoja. Gemu haliwezi kukuchelewesha wewe. Tatizo la pili ndilo huwachanganya watu: mara unapofungua maiki ili uongee na wenzako, hedifoni nyingi za Bluetooth kwenye kompyuta hurudi kwenye mfumo wa kupiga simu, na muziki unageuka wa redio mbovu. Hazijaharibika, mfumo haukuwa na nafasi ya kubeba vyote viwili. Mfumo mpya wa LE Audio unalitatua, lakini lazima kompyuta na hedifoni zote ziwe nao. Anayechukia waya atafute zile zinazokuja na kifaa chake kidogo cha USB, ambazo huchelewa kidogo mno. Mwenye waya aangalie pini: laptopu nyingi zina tundu moja la sauti na maiki, ila kompyuta za mezani zina mawili, la kijani na la pinki, na utahitaji kigawanyio. Angalia pia omu, yaani ukinzani wa hedifoni kwa umeme: ya omu 32 kwa kawaida kompyuta yoyote inaiendesha. Ukiona omu 250 au 300, hiyo inataka kikuza sauti chake.

Hedifoni zilizo wazi kwa nyuma huacha hewa ipite na sauti yake hupanuka vizuri. Sennheiser waliziingiza sokoni mwaka 1968 kwa HD 414. Nyumbani kwa watu, ambako feni inavuma na bodaboda hazilali, zilizofungwa zina faida moja kubwa: hulazimiki kupandisha sauti ili uishinde kelele. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa chagua sponji za kitambaa. Ngozi bandia hulowa jasho na baada ya muda hubanduka vipande vipande hadi shingoni.

Habari ya kupandisha sauti si ndogo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo ukifika 90 una saa 4 tu kwa wiki nzima, muda ambao mchezaji humaliza kwa usiku mmoja. Seli za kusikia zikifa, mwanadamu haoti nyingine.

Ningekuwa na fedha ya hedifoni moja tu kwa muziki na gemu, ningechukua ya waya, ya spika mbili, ya kufunika sikio zima, ya omu 32 hivi, yenye sponji za kitambaa zinazobadilishika, na isiyo na 7.1. Ningeivaa dukani kwa wimbo ninaoujua, kwa muda wa kutosha kujua kama inabana, na muuzaji anayekataa kuijaribisha ningemwachia mzigo wake. Chenji ningenunulia maiki ndogo ya kubana kwenye kola.