Bishoo wa Kahawani

Kama kuna mdudu anayejua kupiga pamba kule mlimani Kilimanjaro, basi ni kunguni wa kahawa. Wataalamu wanamwita antestia. Kadogo tu, milimita 6 hadi 8, umbo la ngao, mwili wa kahawia iliyokolea wenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe. Ukimkuta juu ya jani utadhani ni kifungo kimechomoka kwenye blauzi ya mtu.

Sisi wa Majengo na Pasua tukipanda Kibosho kusalimia wazee, tunaishia kusema, "Cheki kadudu kazuri!" Bibi yangu yeye hana mswalie mtume. Anakakamata, anakasaga kwa vidole, na harufu yake wacha kabisa!

Bibi ana sababu. Huyu bishoo ana mdomo kama mrija. Akifyonza chipukizi la ua, linakauka kabla halijachanua. Akifyonza tunda changa, linadondoka. Likibaki mtini ndiyo balaa zaidi, kwani kwenye kale katundu hupita vimelea vinavyoozesha buni kwa ndani huku nje tunda linang'aa. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanamhusisha na kahawa yenye ladha ya kiazi kibichi. Nani atanunua hiyo?

Maisha yake hayana mambo mengi. Jike hutaga chini ya jani, mara nyingi mayai 12 kwa mpigo, yamepangwa kama kwenye trei. Hajifungii kwenye kifuko kama kipepeo. Kitoto kinatoka kikifanana na mama, ila ni cha mviringo na hakina mbawa. Kinajivua gamba mara 5, halafu kinakuwa bishoo kamili anayeishi miezi kadhaa.

Makazi anayoyapenda ni mti wa kahawa uliosongamana matawi, wenye kigiza na ubaridi. Hapo ndipo pananiuma. Kupogolea kunataka mgongo mzima, na wenye migongo mizima tuko mjini! Kahawa hii, iliyoanzia misheni ya Kilema mwaka 1898 na kuzaa KNCU mwaka 1933, ndiyo iliyolipa ada za Wachagga wengi, baba yangu akiwemo. Miche bora ya Lyamungu imetengenezwa kuhimili chulebuni na kutu ya majani, siyo huyu jamaa.

Dawa? Zipo, lakini ukipuliza ovyo unaua na vijinyigu vinavyotaga ndani ya mayai yake, ambavyo vinakusaidia bure.

Kwa hiyo Desemba hii, ukienda kula sikukuu, tandika shuka kuukuu chini ya mti, tikisa matawi, uhesabu. Wakidondoka 2 tu kwa mti, hao ni wengi. Muulize bibi mkasi wa kupogolea uko wapi. Wa kwetu unakaa juu ya dari, kutu tupu.