Kilichowaweka Watu Mwea

Sababu zinazomfanya mtu ahame mara nyingi si zile zinazomfanya akae. Uhaba wa ardhi, vita, ukame na ukosefu wa kazi hueleza kwa nini alifunga mizigo. Havielezi kwa nini miaka 40 baadaye bado yuko kule kule alikofikia, ana wajukuu, na kwao huenda kwa msiba au harusi tu. Tofauti hiyo huonekana wazi Wang'uru, mji wa mchele kando ya barabara ya Thika kwenda Embu, Kaunti ya Kirinyaga, ambao wengi huuita pia Ngurubani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tambarare ya Mwea, ulipo mji huo, haikuwa mahali pa kutamaniwa. Ilikuwa nyika ya malisho yenye joto na mbu, udongo wake mweusi ukinata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Watu wa Ndia na Gichugu waliishi juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya yenye baridi na udongo mwekundu. Waliteremka kulisha mifugo, kisha wakarudi kwao.

Msukumo ulitoka juu huko huko. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari ili kuuzima uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni. Maelfu walifungwa kambini, na waliobaki wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton, uliounganisha vipande vya mashamba na kuwapa wenyewe hati. Aliyekuwa na ardhi alinufaika. Muhoi, yaani aliyelima kwa hisani ya mwenye shamba, alijikuta hana pa kuweka jembe. Wakati huo huo wafungwa wa kambi za Mwea, zilizojulikana kwa vipigo na mateso, walitumikishwa kuchimba mifereji ya kuleta maji ya mito ya Thiba na Nyamindi hadi mbugani. Mpunga wa Mwea una jasho la watu wasiolipwa haki yao, na hilo halipaswi kusahauliwa kila mchele wake wa pishori unaposifiwa.

Familia zisizo na ardhi ndizo zilizopewa majaruba, yaani vipande vya mpunga, yaliyonyweshwa na mifereji hiyo. Kila moja ilipata takriban ekari 4 za mpunga na nyumba katika kijiji. Masharti yalikuwa makali. Mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni, si mwenye shamba. Alitakiwa kulima mwenyewe, kufuata ratiba ya maji na kuukabidhi mpunga wake kwa mradi wa umwagiliaji, nao ukakata gharama kabla ya kumlipa. Akikiuka kanuni, meneja angeweza kumfutia leseni. Kuanzia 1966 mamlaka hayo yalishikwa na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji.

Mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Kule mlimani mke alikuwa na shamba lake la mahindi na maharagwe, na kuni alizipata karibu. Mwea karibu kila kipande kilikuwa cha mpunga, malipo yakaingia mkononi mwa mume, na kuni zikawa za kununua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1973 ulionyesha jinsi wake walivyolalamikia maisha hayo. Kichocho na malaria vilizidisha taabu.

Hata hivyo wengi walibaki. Mpunga uliingiza fedha taslimu kila msimu, jambo ambalo muhoi hakulijua alikotoka. Shule zilijengwa, watoto wakapata marafiki na baadaye wachumba wa pale pale. Kuacha leseni kulimaanisha kurudi mikono mitupu kwa ndugu waliokwisha kugawana kila kipande. Kila mwaka uliopita ulifanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Dai la umiliki lililipuka mwaka 1998, wakulima walipokataa kuupeleka mpunga kwa bodi na kuuza kupitia ushirika wao. Makabiliano na polisi mwanzoni mwa 1999 yaligharimu maisha ya vijana. Watu hawafi kwa ajili ya shamba wanalolihesabu la kupanga. Kufikia hapo Mwea palikuwa kwao, hata kama karatasi zilisema vingine.

Mji nao ukakua kwa kuvuta wengine. Vinu vya kukoboa, uchuuzi wa mchele barabarani na kazi za kibarua za kupandikiza na kuvuna vilileta watu ambao hawakuwahi kugawiwa jaruba. Mwanajiografia Ravenstein aliandika mwaka 1885 kwamba wahamaji wengi huenda karibu, na pengo wanaloacha hujazwa na wanaotoka mbali kidogo zaidi. Watu wa Ndia na Gichugu walisafiri kilomita chache tu, lakini walihama kabisa.

Ekari 4 hazigawanyiki milele. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limeongeza maji. Halijaongeza urithi kwa familia yenye wana watano. Mjukuu wa yule aliyekuja Mwea kwa kukosa shamba sasa naye anaondoka kwa sababu ile ile, kwenda Nairobi, Ghuba au Marekani.

Huko ng'ambo hatima yake hutegemea sana sheria za anakofika. Katika nchi za Ghuba kibali cha kuishi hufungamana na ajira, hivyo mfanyakazi wa nyumbani aliyekaa miaka kumi bado huishi kama mgeni na hurudi mkataba unapokwisha. Marekani, bahati nasibu ya visa iliyoanza miaka ya 1990 ilitoa hadi nafasi 55,000 kwa mwaka. Aliyepata visa hiyo alikuwa mkazi wa kudumu mara tu alipoingia, na baada ya miaka 5 anaweza kuomba uraia. Anaponunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30 na mtoto wake akaanza shule huko, uamuzi umekwisha kufanyika, hata kama bado anasema atarudi.

Zamani Mkenya aliyechukua uraia wa nchi nyingine alipoteza wa kwao. Katiba ya 2010 iliondoa kikwazo hicho kwa raia wa kuzaliwa. Tangu hapo mtu anaweza kupiga kura Marekani na kuendelea kuwa raia wa Kenya, akituma fedha za karo na matibabu kwa wazazi waliobaki Wang'uru.