Swali Linalompima Fundi

Kiwanda cha kuchakata gesi asilia cha Madimba, kilichozinduliwa mwezi Oktoba 2015 ili gesi ya Ghuba ya Mnazi itolewe maji na takataka kabla ya kutiwa katika bomba liendalo Dar es Salaam, ni mahali ambapo fundi asiyeijua kazi yake hawezi kusitiriwa na cheti. Na kwa hivyo ni mahali pafaapo kuulizia jambo ambalo watu wengi hawalitii maanani, yaani yale maswali yapatishayo cheti hutungwa vipi.

Zamani mafundi wetu walipimwa kwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Siku hizi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hupima umahiri, haitosheki na alichosoma mtu bali hutaka kujua anachoweza kukifanya. Mtungaji basi haanzi na kitabu. Huwaendea mafundi wazoefu akawauliza kazi yao ina sehemu gani na ipi ikikosewa huleta hatari, kisha hupanga jedwali la utahini, linaloamua kila sehemu ipewe maswali mangapi, asije mpenda hesabu akaujaza mtihani hesabu na kuusahau usalama.

Natuchukue mfano. Mtahiniwa anaulizwa, katika chumba kilichofungwa, kifaa cha kugundua uvujaji wa gesi asilia kiwekwe wapi. Jibu ni juu, karibu na dari, kwa kuwa methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ni nyepesi kuliko hewa. Jibu la «chini, karibu na sakafu» nalo si upuuzi hata kidogo: ndivyo itakiwavyo kwa gesi ya mitungi tupikiayo majumbani, ambayo ni nzito na hutambaa chini, na aliyeyachukua maarifa ya jikoni akayapeleka kiwandani atalichagua bila ya kusita. Hicho ndicho kipotoshi chema, yaani jibu lisilo sahihi lililotoka katika kosa ambalo watu hulifanya kweli. Kipotoshi kibaya ni kile ambacho hata mpita njia angekikataa. Na ni vibaya vilevile jibu sahihi kuandikwa refu kuliko yote, mjanja akalipata kwa jicho tu. Lililo ovu zaidi ni swali lenye kukanusha mara mbili, ambalo, nionavyo mimi, ni hila isiyo na adabu, kwani humwangusha fundi hodari kwa sababu ya sarufi.

Yako pia mambo ambayo karatasi haiyawezi. Mchomeleaji wa mabomba hupewa bomba lililoinamishwa nyuzi 45, lisilozungushwa, alichomelee akilizunguka mwenyewe. Kisha kiungo hupigwa picha ya mionzi, au hukatwa na kupindwa, wala ufasaha wa maneno haumfai kitu.

Alama ya kufaulu nayo isiwe 50 kwa mazoea tu. Njia iliyoenea, inayonasibishwa na Mmarekani William Angoff kwa maandishi yake ya mwaka 1971, huwakalisha wajuzi wa kazi, wakamfikiria fundi ambaye ndiyo kwanza amefikia kiwango cha kuaminiwa, na kwa kila swali wakakadiria ni wangapi katika 100 wa namna hiyo wangelijibu sawasawa. Wastani wa makadirio hayo ndio mpaka. Na mtihani ukiisha kusahihishwa, maswali yenyewe huhukumiwa: kipotoshi ambacho hakuna aliyekichagua hutolewa, na swali ambalo waliofanya vizuri walilikosa ilhali walioanguka walilipata hurejeshwa kwa mtungaji, maana huenda kosa limo katika mwongozo wake wa usahihishaji.