Kubadili Injini ya Gari la Chama

Chama cha msingi cha Lusu, wilayani Nzega, au cha mahali pengine po pote mkoani Tabora, kinaponunua gari lililokwisha kutumika, hununua pia injini ambayo umri wake haujulikani. Gari hilo la bei nafuu hubeba pembejeo na mazao kwa misimu michache, kisha huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, au maji ya rejeta hupungua pasipo kuvuja nje. Hapo fundi hutamka kwamba injini imekufa. Kabla Bodi haijakubali kauli hiyo, na idai kwanza mgandamizo wa kila silinda upimwe. Mara nyingine kilichoharibika ni gasketi ya silinda hedi tu, na bei ya gasketi ni ndogo sana ikilinganishwa na ya injini.

Ikithibitika kuwa injini haifai kufanyiwa oveholi, hununuliwa nyingine iliyotumika. Nyingi hutoka Japani na huuzwa Dar es Salaam, hasa Gerezani na Kariakoo. Hakuna daftari liendalo na injini hizo kuonyesha zimetembea kilometa ngapi. Kwa hiyo mjumbe aliyetumwa afuatane na fundi. Injini izungushwe kwa mkono, na kifuniko cha oili kifunguliwe. Utando mweupe mfano wa maziwa chini ya kifuniko ni dalili kwamba huenda maji yamechanganyika na oili. Risiti iandikwe namba ya injini pamoja na masharti ya kuirudisha.

Injini ya aina ile ile ndiyo bora. Katika Toyota Hilux za dizeli, 2L (sentimeta za ujazo 2,446), 3L (2,779) na 5L (2,986) ni za ukoo mmoja. Hata hivyo kuhama kutoka moja hadi nyingine kwaweza kudai marekebisho, na marekebisho ni fedha.

Wakati wa kung'oa, gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na waya hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Maji na oili vikingwe katika vyombo. Boneti na rejeta vikishatolewa, kila waya na kila mpira utiwe alama kabla ya kuchomolewa. Fundi anayejivunia kukumbuka yote kichwani ndiye anayekawiza gari wiki nzima. Giaboksi itegemezwe kwa jeki kabla bolti zinazoiunganisha na injini hazijafunguliwa. Injini ya dizeli ya gari kama hilo huzidi kilo 150. Kuining'iniza katika tawi la mwembe ni kuhatarisha maisha ya watu; afadhali chama kikodi winchi na mhimili wa chuma.

Injini ingali nje, sahani ya klachi na sili ya oili ya nyuma zibadilishwe, kwani kuzifikia baadaye ni kufungua upya. Bodi zinazokataa gharama hiyo hulipa ujira mara mbili. Mkanda wa taimingi nao uwe mpya. Injini mpya ikishafungwa, itiwe oili na chujio vipya, na hewa itolewe katika njia ya dizeli kabla ya kuiwasha.

Kazi ya Katibu huanzia hapo. Kadi ya gari hubeba namba ya injini, hivyo mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato ili kadi isahihishwe. Namba zisipolingana, gari laweza kuzuiliwa barabarani likiwa na mazao ya wanachama, na mnunuzi hasubiri. Matumizi hayo yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Fedha zikikopwa, zisivuke ukomo wa madeni uliowekwa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013.

Injini ya zamani husahauliwa mara nyingi uani kwa fundi. Hata ikiwa chuma chakavu, ni mali ya chama: ibaki katika rejista ya mali hadi itakapouzwa, na fedha zake zikatiwe stakabadhi. Fundi akiichukua kuwa sehemu ya ujira wake, thamani yake ionekane katika hati ya malipo, nayo itiwe saini na pande zote mbili.