Kuta za Grenfell na Deni la Watengenezaji

Usiku wa kuamkia 14 Juni 2017, jokofu lilishika moto katika ghorofa ya nne ya Grenfell Tower, magharibi mwa London. Moto ule ungepaswa kuishia jikoni. Badala yake ulitokea dirishani, ukashika ukuta wa nje, na kwa muda usiofika nusu saa ukawa umefika kileleni. Watu 72 walikufa.

Jengo lenyewe lilikuwa la zege, la miaka ya 1970. Kilichoueneza moto ni mabamba yaliyofungwa katika ukarabati uliokamilika 2016: aluminiamu nyembamba pande mbili, katikati plastiki ya polithini, na nyuma yake povu la kuhami joto.

Mambo yalianza kuharibika miaka mingi kabla ya hapo. Mwaka 1997 BRE, taasisi ya serikali iliyokuwa ikipima usalama wa vifaa vya ujenzi, ilibinafsishwa, ikawa inategemea ada za wale wale inaowapima. Mwaka 2001 jaribio lililoagizwa na serikali lilionyesha kuwa mabamba yenye polithini huwaka kwa ukali mkubwa. Matokeo yalifichwa, kanuni hazikukazwa. Tangu hapo, aliyejua zaidi hatari ya bidhaa akawa ni yule anayeiuza.

Ripoti ya mwisho ya tume ya kuchunguza moto wa Grenfell, iliyoongozwa na jaji mstaafu Martin Moore-Bick, iliyotolewa 4 Septemba 2024, inaeleza namna maarifa hayo yalivyotumika. Arconic, iliyotengeneza mabamba ya Reynobond, ilificha tangu 2005 ukubwa wa hatari yake. Celotex, iliyouza povu, ilipitisha bidhaa yake katika jaribio la 2014 kwa msaada wa vibao visivyoshika moto ambavyo haikuvitaja sokoni. Kingspan ilidai kwa miaka mingi kwamba povu lake lafaa kwa majengo marefu, kwa kutegemea jaribio la 2005. Tume iliuita mwenendo wa kampuni hizo udanganyifu wa kimfumo. Arconic inakanusha kwamba iliuza bidhaa isiyo salama.

Ni kweli kwamba wasanifu, makandarasi, halmashauri na serikali nao walilaumiwa, na wanastahili. Lakini wingi wa wakosaji usigeuke kichaka cha kujifichia. Msanifu na fundi waliweza kusoma vyeti vya bidhaa tu. Mtengenezaji aliliona bamba lake likiungua maabara. Anayejua hatari akanyamaza hawezi kuhesabiwa sawa na aliyedanganywa.

Sheria ya Usalama wa Majengo ya 2022 imefungua mlango: wamiliki wa nyumba zilizoharibiwa na mabamba mabovu wanaweza kumshtaki mtengenezaji kwa makosa yaliyotendeka hadi miaka 30 nyuma. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha umebaki kwa mwenye nyumba, mbele ya kampuni zenye mawakili na fedha. Wakati huohuo serikali imetenga zaidi ya pauni bilioni 5 za kuondoa kuta hatari, na wajenzi wakubwa wamesaini mikataba ya kurekebisha majengo yao. Watengenezaji hawajabanwa kwa mkataba kama huo.

Haki inadai mambo mawili. Matokeo ya kila jaribio, lililofaulu na lililofeli, yawe wazi kabla bidhaa haijaingia sokoni. Na kampuni iliyoficha matokeo ibebe gharama ya kila ukuta unaobomolewa kwa sababu yake, kabla ya mlipakodi na kabla ya mkazi.