Mtoto anayeuliza hakukosa adabu



Ndugu wasomaji, Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na wazazi juu ya jambo linalowatia wengi wasiwasi. Mtoto hurudi kutoka shuleni, akaulizwa leo amefundishwa nini, naye akajibu kwamba walikaa makundi makundi, wakajadiliana, na mwalimu akawa anapita baina yao akiwauliza maswali. Mzazi huguna: ikiwa watoto wanafundishana wenyewe, mwalimu analipwa mshahara wa kazi gani?

Mabadiliko haya hayakuzuka ghafla. Tanzania ilipobadili mtaala wa sekondari mwaka 2005, na Kenya ilipoanza kutumia mtaala wa umilisi nchini kote mwaka 2019, nia ilikuwa mwanafunzi achunguze na ashirikiane na wenzake, asiishie kunakili yaliyoandikwa ubaoni. Lakini wazazi wengi tumelelewa katika darasa la kimya. Kwa mazoea hayo, mtoto anayeuliza sana tunamwita mtundu, na anayezungumza na mwenzake darasani tunasema anapiga soga. Baadhi yetu huona kuwa kumnyamazisha ndiyo adabu ya Kiislamu. Je, ndivyo ilivyo?

Katika Hadithi mashuhuri aliyoipokea Sayyidna Umar (R.A.), na kuthibitishwa na Imamu Muslim, alikuja mtu asiyejulikana akakaa mbele ya Mtume (S.A.W.), akamuuliza juu ya Uislamu, Imani na Ihsani. Alipokwisha kuondoka, Mtume aliwajulisha masahaba kwamba yule alikuwa ni Jibril, aliyekuja kuwafundisha dini yao. Tuzingatie hapo. Jibril hakutoa hotuba. Aliuliza maswali, akayasadikisha majibu, na kwa kuuliza huko akahesabiwa kuwa amefundisha.

Mtume mwenyewe (S.A.W.) naye alikuwa akiwauliza masahaba kabla ya kuwaeleza. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa siku moja aliwapa fumbo: ni mti gani usiopukutisha majani, ambao mfano wake ni Muislamu? Watu wakaenda kwa mawazo kwenye miti ya jangwani. Abdullah bin Umar, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, ilimjia moyoni kuwa ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa kama Abu Bakr na baba yake. Baadaye alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia kuwa angependa zaidi kama angelisema. Mzazi anayetaka kujua adabu ya mtoto mbele ya elimu na atafakari jibu hilo.

Wanazuoni waliendelea na njia hiyo. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, alikuwa akiziweka mas-ala mbele ya wanafunzi wake mjini Kufa, wakajadiliana. Wanafunzi wake wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad al-Shaybani, walihitilafiana naye katika mambo mengi, na rai zao zimehifadhiwa pamoja na yake. Naye Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika katika Muqaddima kwamba wanafunzi wa Morocco walikaa vyuoni miaka kumi na sita, na wa Tunis miaka mitano. Sababu aliyoiona ni kwamba wale wa kwanza walihimizwa kuhifadhi tu, wakamaliza umri wao katika majlisi bila ya kufungua midomo, hata walipotakiwa kujadiliana au kufundisha, elimu ikawasaliti. Dawa aliyoitaja ni kuuzoeza ulimi mazungumzo ya elimu.

Sasa tutazame linalofanyika shuleni. Mwalimu anataka kufundisha uotaji wa mbegu. Angeweza kuandika ubaoni kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto. Badala yake anawauliza watoto: je, mbegu huhitaji mwanga ili iote? Wengi watasema ndiyo. Basi kila kundi linapanda maharage katika vikopo: kimoja kinawekwa dirishani, cha pili ndani ya kabati lenye giza, cha tatu hakitiwi maji. Baada ya siku chache wanakuta cha kabatini kimeota, ingawa mche wake ni mrefu na wa manjano. Hapo watoto wanashangaa, na mwalimu anaeleza: mbegu hii imekula akiba iliyomo ndani yake, na mwanga utahitajiwa na majani baadaye. Jambo ambalo mtoto alikisia, akakosea, kisha akaliona kwa macho yake, halimtoki upesi.

Ama kushirikiana kwa makundi, upo mfano wa Marekani. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, jimbo la Texas, watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walikuwa ndiyo kwanza wamewekwa darasa moja, na uhasama ukawa mkubwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake walibuni njia ya kuligawa somo vipande vipande. Kila mtoto katika kundi alipewa kipande chake peke yake akisome na kuwafunza wenzake, na mtihani ukawa wa somo zima. Aronson amesimulia habari za mtoto mmoja aliyechekwa kwa sababu Kiingereza kilimtatiza. Wenzake walipotambua kwamba bila yeye hawatakijua kipande kile, waliacha kejeli wakaanza kumuuliza kwa upole, naye akafunguka.

Hata hivyo, wasiwasi wa wazazi haukosi msingi. Mwaka 2006 wataalamu Kirschner, Sweller na Clark waliandika kuonya kwamba mwanafunzi mchanga akiachwa avumbue mambo bila mwongozo, hupotea. Naye Robert Slavin, aliyeyatafiti makundi kwa miaka mingi, alisisitiza kuwa kundi hufaa pale kila mmoja anapopimwa kwa alichojifunza yeye mwenyewe; la sivyo, mmoja hufanya kazi na wengine humtegea. Kwa hiyo mwalimu hakupumzika. Kutunga swali zuri na kuyasimamia makundi katika darasa lililojaa ni kazi nzito kuliko kusoma kitabu kwa sauti. Na kuhifadhi kuna mahali pake: Qur'ani tutaendelea kuihifadhisha watoto wetu, kisha tuwape nafasi ya kuuliza maana yake.

Ndugu mzazi, jioni ya leo usimuulize mwanao amefundishwa nini tu. Muulize ameuliza swali gani, na amemsaidia nani. Akikuuliza usilolijua, mwambie mtafute pamoja, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuwaulize wenye elimu tusipojua. Na walimu wa vyuo vyetu vya Qur'ani, mtoto akinyoosha kidole, bakora na ikae pembeni. Huenda moyoni mwake analo jibu la mtende.