Kwa Nini Mbuzi Hufa Mvua Inaponyesha: Kuelewa Wiki ya Upepo na Baridi

Kila mfugaji wa Marsabit anaujua uchungu huu. Mifugo imevumilia miezi ya kiangazi, imetembezwa mbali kutafuta maji na imebaki ngozi na mifupa. Kisha wingu linatanda, mvua inanyesha jioni, upepo unavuma usiku kucha, na kunapopambazuka mbuzi wamelala zizini wala hawaamki. Ukame wote haukuwamaliza. Wamemalizwa na usiku mmoja wa mvua iliyokuwa ikisubiriwa kwa hamu.

Watu husema mifugo hiyo imeuawa na baridi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Huko North Horr au ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kipimajoto huenda kisishuke hata chini ya nyuzi 20 usiku huo. Kinachoua ni mambo matatu yanapokutana: upepo, maji na njaa. Mawili ya kwanza hutabiriwa siku kadhaa kabla, na la tatu huonekana kwa macho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hasara hii inaweza kuzuiwa.

Upepo wetu hutoka wapi

Nyanda za kaunti hii, kuanzia Laisamis hadi North Horr na ufuo wa Ziwa Turkana, ziko katika pengo kubwa kati ya milima ya Ethiopia upande wa kaskazini na nyanda za juu za Kenya upande wa kusini. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi zikivuma kutoka kusini mashariki hubanwa zinapoingia katika pengo hilo. Kama maji ya mto yanayopita mahali pembamba, huongeza kasi.

Mkondo huu wa upepo huvuma mwaka mzima, na kwa kawaida hupata nguvu zaidi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Nguvu yake ndiyo iliyofanya mitambo 365 ya kufua umeme ijengwe katika kaunti ndogo ya Laisamis, karibu na Ziwa Turkana. Mradi huo uliozinduliwa rasmi mwaka wa 2019 una uwezo wa kuzalisha megawati 310. Lakini upepo unaozungusha mitambo hiyo ndio huohuo unaopita juu ya zizi lisilo na kinga, tena saa ambazo mifugo imelala na jua halijachomoza.

Jinsi joto linavyotoka mwilini

Joto la mwili wa mbuzi mwenye afya ni takriban nyuzi 39. Joto hilo hupasha hewa iliyonaswa kati ya manyoya, na hewa hiyo humfaa kama blanketi. Upepo ukivuma, huiondoa na kuleta hewa nyingine baridi mahali pake, na mwili hulazimika kuanza kupasha upya. Kadiri upepo unavyozidi kasi, ndivyo mwili unavyopoteza joto haraka.

Jambo hili si la Marsabit peke yake. Katika nyanda za kaskazini za Marekani, kwa mfano jimbo la North Dakota, matangazo ya hali ya hewa wakati wa baridi kali hutoa vipimo viwili: joto la hewa, na jinsi mwili unavyolihisi kukiwa na upepo. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sufuri na upepo ukivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi huhisi kana kwamba ni takriban nyuzi 34 chini ya sufuri. Marsabit haifikii baridi ya namna hiyo. Hata hivyo, somo ni lile lile: kipimajoto peke yake hakitoshi kueleza hatari iliyopo.

Maji huongeza hatari hiyo. Manyoya yakilowa, hewa iliyonaswa ndani yake hutoweka na blanketi huisha. Tena, maji yanapokauka huchukua joto. Ili lita moja ya maji ikauke, huhitaji joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita 7 za maji jikoni. Sehemu ya joto hilo hutoka katika mwili wa mnyama mwenyewe, na upepo huharakisha kukauka huko.

Ndipo njaa inapoingia. Mnyama hupata joto kutokana na chakula, hasa majani makavu yanaposagika na kuchacha tumboni. Mnyama aliyelala njaa ni kama jiko lisilo na kuni. Mafuta ya akiba mwilini yameisha, hata nguvu za kutetemeka hana. Mbuzi huathirika upesi kwa sababu hawana mafuta mengi chini ya ngozi. Kondoo wetu wa kichwa cheusi nao wana nywele fupi, si sufu nene. Walio hatarini zaidi ni ndama na wanambuzi waliozaliwa karibuni, majike wenye mimba kubwa na wanyama wazee.

Soma matangazo mawili pamoja

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina ofisi katika kaunti, na hutoa utabiri wa siku saba. Utabiri huo hueleza mvua inayotarajiwa, joto la mchana na la usiku, na mwelekeo wa upepo. Upepo ukitarajiwa kuzidi noti 25, yaani takriban kilomita 46 kwa saa, idara hutoa tahadhari maalumu.

Tangazo la pili ni taarifa ya kila mwezi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), ambayo hufuatilia kaunti 23 za maeneo kame, Marsabit ikiwamo. Taarifa hiyo hueleza hali ya malisho, umbali wa kwenda kutafuta maji na hali ya miili ya mifugo.

Wengi husoma tangazo moja bila jingine. Utabiri unaposema mvua inakuja, watu hufurahi. Taarifa ya ukame inaposema mifugo imekonda, watu husubiri mvua. Yanapaswa kusomwa pamoja. Ikiwa mifugo imekonda na utabiri wa wiki unaonyesha mvua pamoja na upepo mkali, hiyo ni wiki ya hatari, hata kama joto lililotajwa linaonekana la kawaida.

Wafugaji waliojiunga na bima ya mifugo wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Bima ya aina hii iliyoanza kujaribiwa Marsabit mwaka wa 2010 hutumia setilaiti kupima ukijani wa malisho. Hulipa malisho yanapokauka kupita kiwango kilichowekwa. Haihesabu mbuzi waliokufa zizini kwa mvua na upepo. Mvua ikinyesha, malisho huanza kuwa kijani hata kama zizi limebaki tupu. Kwa hasara ya usiku huo, kinga ni maandalizi ya mfugaji mwenyewe.

Kabla wiki hiyo haijafika

Wafugaji wanashauriwa kuchukua hatua zifuatazo mara tu utabiri unapotangaza mvua na upepo:

Kinga upande wa kusini mashariki. Upepo mwingi hutoka huko. Ongeza matawi ya miiba upande huo wa zizi hadi yafikie kimo cha mtu. Uzio wa matawi unaopitisha hewa kidogo hufaa kuliko ukuta uliozibwa kabisa, kwa sababu ukuta huurusha upepo juu na kuufanya ushuke kwa kishindo upande wa pili.

Hamisha zizi kutoka bondeni. Mahali penye mwinuko kidogo hapatuami maji, na mnyama aliyelala pakavu hupoteza joto kidogo. Pia huepusha mifugo na mafuriko ya ghafla kwenye lagga.

Lisha jioni. Ikiwa kuna nyasi kavu zilizohifadhiwa, hata kidogo, zitolewe jioni kabla ya usiku wa mvua, wala zisisubiri asubuhi. Waanze wanyama dhaifu na wanaonyonyesha.

Watenge wadogo. Ndama na wanambuzi walale ndani ya kibanda au nyumba. Aliyezaliwa usiku wa mvua apanguswe hadi akauke na anyonye dang'a mapema, kwa maana ndicho chakula chake cha kwanza cha kuleta joto.

Usiogeshe mifugo wiki hiyo. Kunyunyizia dawa ya kupe huwalowesha kama mvua. Ahirisha hadi jua litoke. Safari ndefu na mifugo dhaifu nazo ziahirishwe.

Tazama kikohozi. Baridi haileti viini vya homa ya mapafu ya mbuzi, lakini mnyama dhaifu aliyebanana na wengine huambukizwa kwa urahisi. Chanjo hutolewa mapema, si wakati kundi limeshaanza kukohoa.

Mnyama aliyekutwa amefariki asichunwe wala kuliwa kwa kudhaniwa kuwa ni baridi tu. Huenda ni ugonjwa unaoambukiza binadamu. Afisa wa mifugo wa wadi au chifu aarifiwe kwanza.

Ndani ya nyumba

Watu nao huguswa na upepo huo. Katika mji wa Marsabit na vijiji vya Mlima Marsabit na Mlima Kulal, miezi ya Juni hadi Agosti huleta ukungu, manyunyu na upepo wa usiku. Kilele cha Kulal kina urefu wa zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo aliyezoea joto la Loiyangalani akipanda mlimani jioni huhitaji nguo nzito.

Hatari kubwa hapa ni jiko la makaa. Familia hufunga milango na madirisha kuzuia upepo, kisha huingiza jiko ndani ili kupata joto. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, lakini aliyelala hazihisi. Jiko litolewe nje kabla ya watu kulala, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Kwenye nyumba za makuti na ngozi, moto uzimwe kabisa kwa sababu upepo husambaza cheche kwa dakika chache.

Wazazi wanahimizwa kuchunguza jinsi watoto wanavyopumua. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Mhesabu akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto huyo, au yeyote ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii anaweza kusaidia kuhesabu na kuandika rufaa.

Wavuvi wa Ziwa Turkana wasiingie ziwani panapokuwa na tahadhari ya upepo mkali. Wenye nyumba za mabati wakague misumari na paa mapema.

Nani aarifiwe

Utabiri wa wiki unaweza kuulizwa katika ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, kwa maafisa wa mifugo wa wadi na kwa machifu, ambao pia huombwa kuusoma kwenye mabaraza. Familia iliyopoteza mifugo kwa mvua na upepo iripoti kwa chifu mapema, ikitaja aina ya wanyama, idadi na mahali. Ripoti hizo ndizo zinazoonyesha ni wadi gani inahitaji nyasi, dawa au chakula kabla ya mvua inayofuata.

Na kwa mfugaji aliye malishoni mbali na mtandao, alama ni tatu: mbavu za mbuzi zinahesabika, wingu limetanda, na upepo umeanza kuongezeka. Akiziona zote kwa pamoja, jioni hiyo ndiyo ya kukata miiba.